Usitazame Miiba, Tafuta Tundu

Katika miaka ya 1830, Christian Gottfried Ehrenberg wa Berlin alichukua vipande vyembamba vya gumegume, lile jiwe gumu linalopatikana katika miamba ya chaki ya Ulaya, akavitazama kwa hadubini. Aliona viumbe vya namna mbili. Baadhi vilikuwa na mabamba, na mkanda uliozunguka kiunoni. Hivyo alivitambua upesi kuwa dinoflajelata, jamaa za viumbe vya chembe moja vinavyoelea baharini hadi leo, ambavyo baadhi yake hufanya maji yang'ae usiku yanapotibuliwa. Vingine vilikuwa vitufe vyenye miiba pande zote. Hivi akaviweka katika Xanthidium, jenasi ya mwani wa maji baridi, kwa kuwa vilifanana nayo.

Kumbe vingi kati ya vitufe hivyo navyo ni dinoflajelata. Ilichukua zaidi ya miaka 120 kulithibitisha jambo hilo, na mkosaji hapa ni miiba. Inavutia macho mno. Mwaka 1933 Otto Wetzel alivitengea vitufe hivyo familia yao yenye jina linalotokana na neno la Kigiriki la nungunungu, na familia hiyo ikageuka kapu la kila kidudu chenye miiba kisichojulikana kwao.

Ili kuona tatizo lilikuwa wapi, tuanze na kiumbe kikiwa hai. Dinoflajelata wengi wanaoogelea huvaa mabamba ya selulosi yaliyopangwa kwa safu: kileleni, juu ya mkanda, kwenye mkanda wenyewe, chini yake, na kitakoni. Mabamba hayo huoza, hayaachi kisukuku. Kinachobaki ni sisti, yaani ganda ambalo baadhi ya spishi hulijenga ndani ya vazi hilo, mara nyingi baada ya kuungana kijinsia, kisha hulala nalo kwenye tope la chini mpaka hali iwe nzuri. Ukuta wa sisti ni wa dinosporini, kitu cha kikaboni kisichojali asidi. Ndiyo maana maabara huyeyusha mwamba kwa asidi ya hidrokloriki na hidrofloriki, na sisti hubaki salama. Lakini inakadiriwa kuwa ni kati ya asilimia 10 na 20 tu ya spishi za leo zinazoacha sisti ya namna hii. Zilizobaki hupita bila kuacha ushahidi.

Mwaka 1961 Mmarekani William Evitt alitoa hoja ambayo ukiisoma leo unashangaa kwa nini haikutolewa mapema. Vitufe vingi vina tundu, na tundu hilo si ufa wa kuvunjika ovyo. Lina kingo zilizonyooka na pembe, lina umbo la bamba moja au la kundi la mabamba, na katika spishi moja huwa mahali palepale. Ni njia ambayo chembe ilipitia ilipoamka. Wataalamu huliita arkeopaili. Ukishajua tundu limechukua nafasi ya bamba gani, umepata pa kuanzia kuhesabu mengine yote.

Chukua Spiniferites, sisti inayopatikana tangu zama za Kretasia hadi kwenye tope la bahari za leo. Mtazamaji wa haraka ataona kitufe cha miiba tu. Ongeza ukuzaji, utaona miiba mikuu imesimama pale pembe za mabamba zilipokutana, na ncha zake zimegawanyika matawi matatu. Matuta membamba huunganisha mwiba na mwiba, yakichora mipaka ya mabamba ambayo hayapo tena. Ufuate mkanda kwa makini: ncha zake mbili hazikutani sawasawa, moja imeteremka chini ya nyingine. Na juu ya mkanda, upande wa mgongoni, limekosekana bamba moja. Hiyo ni alama ya ukoo wa Gonyaulax. Katika Hystrichosphaeridium mambo hugeuka: miiba ni mirija, kila mmoja umeota katikati ya eneo la bamba badala ya pembeni, na kilichofunguka ni kilele kizima. Deflandrea nayo haina miiba ya kutajika. Ina pembe moja juu na mbili chini, kuta mbili zilizoachana, na tundu kwenye bamba la mgongoni lililo kati ya safu ya kileleni na ile iliyo juu ya mkanda. Huyo ni wa ukoo mwingine wa dinoflajelata, ule wa Peridinium.

Miiba si takataka, lakini husema zaidi habari za maji kuliko za ukoo. Katika Lingulodinium machaerophorum urefu wake hubadilika kwa chumvi na joto la maji. Chumvi ikipungua sana, miiba nayo huwa mifupi.

Hoja ya Evitt ilipata ushahidi hai katika miaka hiyo hiyo ya 1960. David Wall na Barrie Dale walikusanya sisti hai kutoka kwenye tope la bahari, wakaziangua maabara, na katika sisti za Spiniferites wakatoka Gonyaulax wanaoogelea. Matokeo yake, kiumbe kimoja kina majina mawili, la sisti na la muogeleaji, na kanuni za majina ya mimea zinaruhusu hali hiyo. Ni kero, ila naona ni afadhali kuliko kulazimisha ndoa kati ya kisukuku na spishi ya leo wakati hakuna aliyeona kikianguliwa.

Vitufe ambavyo havina tundu la kueleweka wala alama za mabamba, Evitt alivitenga mwaka 1963 katika kundi la akritaki, bila kuvizulia ukoo. Kundi hilo lipo bado. Sisti zisizo na shaka zinaanza kuonekana katika miamba ya Triasi tu, na za kale zaidi ya hapo zimebaki mikononi mwa wabishani.

Kwetu Tanzania kazi hii ina faida ya moja kwa moja huko Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Mifupa haitoi umri kirahisi. Lakini tabaka zake zimepishana na mchanga wa baharini, na mwaka 2005 Eckart Schrank alichapisha uchambuzi wa sisti kutoka miamba hiyo; kwa kuwa spishi za sisti hubadilika kadiri ya zama, zikasaidia kuiweka kati ya Jurasi ya mwisho na Kretasia ya mwanzo.