Historia ya Mgonjwa ndani ya Msimbo: Uainishaji wa Sonona ya Kujirudia katika ICD-10 na ICD-11

Makala haya yanafafanua namna sonona ya kujirudia inavyowekewa msimbo katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa (ICD) unaosimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Hoja kuu ni kwamba msimbo huo haubebi hali ya leo ya mgonjwa pekee, bali hubeba pia historia yake. Historia isipoandikwa katika jalada, msimbo hupotosha hata pale ambapo dalili za siku hiyo zimepimwa kwa usahihi.

Toleo la kumi (ICD-10), lililoidhinishwa mwaka 1990, linatenga makundi mawili: F32, yaani kipindi kimoja cha sonona, na F33, yaani sonona ya kujirudia. Ili F33 itumike, sharti mgonjwa awe amepata angalau vipindi viwili, kila kimoja kikidumu kwa majuma mawili au zaidi, na kati yake iwepo miezi kadhaa isiyo na usumbufu mkubwa wa hisia. Sharti hili la miezi ya utulivu ni la msingi. Dalili zikipungua kwa siku chache kisha zikarejea, hicho ni kipindi kilekile kinachoendelea. Vilevile, mahudhurio mengi kliniki si vipindi vingi. Aidha, ikibainika kuwa mgonjwa amewahi kupata kipindi cha mania, utambuzi huhamia F31, yaani ugonjwa wa bipola.

Tarakimu inayofuata nukta ndiyo inayoeleza hali ya sasa. F33.0 ni kipindi chepesi, F33.1 cha wastani, F33.2 kikali kisicho na dalili za saikosisi, na F33.3 kikali chenye dalili hizo. F33.4 humhusu mtu aliyepata vipindi viwili au zaidi hapo awali lakini kwa sasa amepata nafuu. F33.9 hutumika pale ambapo maelezo hayatoshelezi.

Toleo la kumi na moja (ICD-11), lililoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, limehifadhi mgawanyo huo kwa misimbo 6A70 na 6A71. Hata hivyo, vigezo vya kipindi cha sonona vimebadilika: sasa zinahitajika angalau dalili tano kati ya kumi, na mojawapo iwe huzuni au kupoteza hamu. Vilevile, nafuu ya sehemu imetenganishwa na nafuu kamili.

Ili kuonesha uzito wa jambo hili, tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamke wa miaka 34 anafika kliniki akiwa na sonona ya wastani. Anaulizwa, "Umewahi kuugua sonona?" Anajibu, "Hapana." Miaka minne iliyopita alikaa miezi mitatu bila hamu ya kazi wala chakula, halafu akapona; lakini yeye na jamaa zake waliita hali ile "mawazo mengi". Anaandikiwa F32.1, ilhali anastahili F33.1. Mganga atakayesoma jalada hilo baadaye ataamini kuwa huo ulikuwa ugonjwa wa mara ya kwanza, na huenda asifikirie kuendeleza tiba ya kuzuia kurudiwa. Mtafiti naye, akihesabu misimbo, atapata idadi ya wanaorudiwa iliyo chini ya uhalisia.

Kosa katika mfano huo halitokani na jedwali la misimbo, bali na swali. Istilahi "sonona" ni ya kitaalamu, na wagonjwa wengi husimulia mateso yao kwa maneno mengine. Hivyo basi, swali linalofaa ni lile linaloulizia hali yenyewe: je, kuna wakati mwingine ambapo kwa majuma mawili au zaidi ulikosa raha, hamu au nguvu, kisha ukarejea katika hali yako ya kawaida?

Kwa kuhitimisha, jalada linalokusudiwa kubeba F33 au 6A71 halina budi kuonesha mambo manne: lini kipindi kilichotangulia kilianza, kilidumu kwa muda gani, utulivu uliofuata ulikuwa wa miezi mingapi, na kama mania imeulizwa na kuondolewa. Mtafiti anayetumia takwimu za misimbo bila kukagua mambo hayo huenda akawa anapima ukamilifu wa majalada badala ya kupima kujirudia kwa ugonjwa.