Damu Katika Mkojo Si Jambo la Kufichwa

Mtaa wa Kahawa Sukari, ulio kando ya barabara kuu iendayo Ruiru na Thika, ni makao ya watu wa kazi mbalimbali: madereva, walimu, wajenzi, wachuuzi na makarani. Wengi wao hushinda juani au barabarani, nao hunywa maji machache. Mathalani, dereva huacha kunywa maji kwa kuchelea kusimamisha gari njiani. Mtu kama huyo aonapo mkojo wake umekuwa mwekundu, huona haya kumwambia hata mkewe. Kesho yake mkojo hurudi kuwa safi, naye hudhani ya kuwa amepona. Hapo ndipo penye hatari.

Damu katika mkojo ina sababu nyingi, na mbili kati yake yafaa kila mtu azijue vema: jiwe la figo na uvimbe wa figo. Jiwe hupiga kelele, uvimbe hunyamaza.

Jiwe hufanyika mkojo unapokuwa mzito na chumvi zilizomo zikagandamana. Likishuka katika mrija utokao kwenye figo kwenda kwenye kibofu, huleta maumivu makali ya ubavu yafikayo hata kinenani. Mgonjwa hugaagaa asipate pa kutulia, na huenda hospitali bila kuhimizwa. Uvimbe wa saratani sivyo. Huweza kukua muda mrefu pasipo maumivu yo yote, na pengine damu isiyo na uchungu ndiyo ishara yake ya pekee. Kwa hiyo damu isiyouma isidharauliwe kamwe.

Mtu aliyekulia Pwani huenda akasema, "Hiki ni kichocho tu." Yamkini ndivyo, lakini kichocho nacho kina vidonge vyake, na kikiachwa miaka mingi chaweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa vyo vyote vile, la kwanza ni kupimwa.

Kupimwa huanza kwa mkojo wenyewe, jambo liwezekanalo katika kituo cha afya kilicho karibu. Kisha hufuata picha ya altrasaundi, na ikihitajiwa, mashine ya CT, ipigayo picha za mwili kipande kwa kipande. Wakazi wa sehemu hizi huweza kupelekwa Hospitali ya Thika, au ile ya Rufaa, Mafunzo na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2019.

Jiwe lisilozidi milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe kwa maji na dawa ya kutuliza maumivu. Lililo kubwa huvunjwa. Tangu mwaka 1980, madaktari wa Munich, Ujerumani, walipomtibu mgonjwa wa kwanza kwa mawimbi yapigwayo kutoka nje ya mwili, mawe mengi yamevunjwa pasipo kisu. Mengine hufuatwa kwa darubini nyembamba ipitayo katika njia ya mkojo, yakasagwa kwa mwali wa leza. Lakini mwenye jiwe akishikwa na homa na kutetemeka, asingoje hata usiku mmoja: mkojo uliozibwa umeingia vijidudu, na lazima ufunguliwe njia upesi kabla ya jiwe kushughulikiwa.

Uvimbe wa saratani ya figo, tiba yake kuu ni kupasuliwa. Wengi huogopa wakidhani ya kuwa mtu hawezi kuishi kwa figo moja. Hofu hiyo ilijibiwa zamani. Tarehe 2 Agosti 1869, mjini Heidelberg, daktari Gustav Simon alimwondolea mwanamke mmoja figo, naye akapona. Siku hizi uvimbe usiozidi sentimita 4 mara nyingi hukatwa peke yake, na sehemu nzima ya figo ikabakizwa. Bali ukisambaa mapafuni au mifupani, kisu peke yake hakitoshi.

Akina mama nao wakumbuke ya kuwa watoto wadogo wana uvimbe wao wa figo. Mama akimwogesha mtoto na kugusa kitu kigumu tumboni, asikibonyeze wala kukikanda, bali ampeleke hospitali. Mtoto awahiwaye hutibiwa kwa dawa na kupasuliwa, na wengi hupona.

Kujikinga hakuna gharama kubwa: maji ya kutosha hata mkojo uwe mweupe, chumvi kidogo katika chakula, na kuacha tumbaku, ambayo huongeza hatari ya saratani ya figo na ya kibofu. Na ishara ikionekana, hata mara moja tu, haya iwekwe kando. Wahenga walisema kweli: mficha maradhi, kifo humwumbua.