Unauza Nyumba? Mjue Dalali, Ujue na Mipaka Yake

Ndugu msomaji, ukipita katika mitaa ya Temeke au Kinondoni, bila shaka umekwisha kuyaona maandishi haya yaliyopigwa kwa rangi ukutani: "Nyumba hii haiuzwi." Mgeni wa Dar es Salaam huenda akacheka, kwani ni nani huandika ukutani jambo asilokusudia kulifanya? Wenyeji hawacheki. Wanafahamu kwamba aliyeandika anajikinga na watu wa aina mbili: tapeli anayeuza nyumba isiyo yake, na ndugu wa ukoo anayetaka kuuza kwa siri urithi wa wenzake. Mara nyingi kati ya watu hao na mnunuzi husimama mtu wa tatu, naye ni dalali.

Je, hiyo ina maana kwamba mwenye nyumba halali akitaka kuiuza amkimbie dalali? Hasha. Yafaa kwanza kujua dalali anaweza kukufanyia nini, na ni mambo gani hata dalali mwaminifu hawezi kukufanyia.

KAZI YA DALALI

Dalali si mtu wa jana katika mji huu. Katika miaka ya 1970 na 1980 sheria haikukitambua kiwanja kitupu kuwa kitu chenye thamani ya kuuzwa. Kilichouzwa ni maendelezo, yaani nyumba, kisima, miembe na minazi iliyo juu yake. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ndiyo iliyotamka kwamba ardhi yenyewe ina thamani, ingawa imebaki kuwa mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Hata kabla ya hapo watu wa Mbagala, Tandika na Manzese waliuziana, wakaandikishana mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Aliyetaka kujua nani anauza na nani anatafuta, alikwenda kijiweni kwa dalali.

Siku hizi picha za nyumba husambazwa kwa simu, lakini kiini cha kazi hiyo hakijabadilika. Dalali hutembea juani, huonyesha vyumba, huwatenga wanaotaka kununua na wanaotaka kutazama tu. Kwa mfanyakazi anayetoka Mbagala alfajiri na kurudi usiku, huo ni msaada wa kweli, na anayeutoa anastahili ujira wake.

HESABU YA "CHA JUU"

Tatizo huanza pale ujira unapokuwa fumbo. Tuchukue mfano. Mwenye nyumba wa Tandika anataka shilingi milioni 60, na amemwahidi dalali asilimia 5, yaani milioni 3. Dalali anakwenda kumwambia mnunuzi kwamba bei ni milioni 70. Akifaulu, hutia mfukoni milioni 10 za "cha juu", kisha akarudi kwa mwenye nyumba kudai milioni zake 3. Mnunuzi ametoa milioni 10 ambazo mwenye nyumba hakupata hata kuzisikia. Tena bei iliyopandishwa hivyo yaweza kuwafukuza wanunuzi kwa miezi mingi, na mwenye nyumba akabaki akidhani nyumba yake haina bahati.

Dawa yake si ngumu. Kwanza, muuzaji na mnunuzi wakutane uso kwa uso na kutajiana bei kabla ya senti moja kutolewa. Pili, makubaliano na dalali yaandikwe: bei ya nyumba, kiasi cha ujira, nani ataulipa, na kwamba utalipwa mauzo yakikamilika. Tatu, ukiwatumia madalali zaidi ya mmoja, andika daftarini jina la kila mtu aliyeletwa na aliyemleta, wasije wawili wakagombania ujira wa mnunuzi mmoja.

UKIUZA MWENYEWE

Ukiuza mwenyewe utaokoa ujira huo, lakini kazi ya dalali itakuwa yako. Huna budi kuijua bei. Usitegemee uvumi wa mtaani; ukiweza, mtumie mthamini aliyesajiliwa, kwani asiyejua bei aweza kupoteza fedha nyingi kuliko ambazo angemlipa dalali. Utawapokea pia watu usiowajua. Usiwaonyeshe nyumba ukiwa peke yako, na uwape nakala ya hati tu, wala si hati yenyewe. Zaidi ya yote utahitaji subira. Anayeuza kwa sababu ya ugonjwa au karo ya shule huwa na haraka, na mnunuzi mjanja huitambua haraka hiyo mapema.

ASIYOYAWEZA DALALI

Njia yoyote utakayoifuata, yapo mambo ambayo ni mzigo wako wewe mwenye nyumba. La kwanza ni ridhaa ya mwenzi wako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. La pili ni urithi. Nyumba ya marehemu haiuzwi kwa kauli ya mtoto mkubwa wala ya baba mdogo. Sharti awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

La tatu ni maandishi. Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa mauzo uwe wa maandishi, kwa hiyo mtafute wakili. Kama nyumba ina hati, usishangae mnunuzi akitaka upekuzi ufanywe kwa Msajili wa Hati. Kama ina leseni ya makazi tu, au haina hata hiyo, majirani wa pande zote na ofisi ya serikali ya mtaa washirikishwe. Fedha zipitie benki na ziingie katika akaunti yako mwenyewe, si ya dalali.

La nne ni kodi ya faida itokanayo na mauzo. Stakabadhi za saruji, mabati na mafundi zitakusaidia kuthibitisha gharama zako mbele ya Mamlaka ya Mapato. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ulizia pia nafuu iliyowekwa kwa nyumba ambayo mwenyewe ameishi kwa miaka 3 au zaidi, pale faida isipozidi shilingi milioni 15.

Msomaji mpenzi, dalali aweza kukuletea mnunuzi hata kesho. Hawezi kukuletea ridhaa ya mkeo au mumeo, wala kupatanisha watoto watakaokuja kugundua kwamba nyumba waliyokulia imeuzwa. Kwa hiyo kabla hujamwita dalali, kabla hata hujataja bei kwa jirani, waite watu wa nyumbani kwako mkae kitako na kulizungumza jambo hilo mpaka mkubaliane.