Cheni mpya, kelele mpya: hesabu kwanza kabla hujanunua kifaa kingine

Jumamosi nilibadilisha cheni ya baiskeli yangu. Jumatatu asubuhi nilikuwa nakatiza barabara hapa Morogoro, daladala inakuja, nikasimama juu ya pedeli niongeze mwendo. Pedeli ikaporomoka ghafla kama vile cheni imekatika, kitu kikalia "kata!", goti likagonga usukani. Nilivuka salama, lakini kwa bahati tu.

Cheni haikuwa imekatika. Ilikuwepo, mpya, inang'aa. Basi mimi nikajua nimepigwa: fundi kaniuzia cheni feki. Nikaenda kwake nikiwa nimechemka, na hata shikamoo sikutoa, kwa mzee wa umri wa baba yangu. Kumbe mwenye kosa nilikuwa mimi. Na aibu zaidi ni kwamba ninasimamia maabara ya mekanika kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Kama na wewe umebadilisha kifaa kwenye baiskeli na kelele ikaanza hapohapo, au imezidi, twende taratibu. Kuna njia ya kumjua mhusika bila kununua vifaa kwa kubahatisha.

Sikiliza inajirudia baada ya muda gani

Wengi tunajaribu kusikia kelele inatoka wapi. Tatizo ni kwamba fremu ya chuma husafirisha sauti vizuri sana, kwa hiyo kitu kinacholia kwenye pedeli unaweza kuapa kwamba kiko chini ya kiti. Swali lenye faida zaidi ni hili: inajirudia baada ya mizunguko mingapi ya pedeli?

Chukua baiskeli yangu. Spoketi ya mbele ina meno 44. Nyuma, gia ninayoitumia zaidi ina meno 16. Cheni ina pingili 110. Kila mzunguko mmoja wa pedeli huvuta pingili 44, kwa hiyo:

- Gurudumu la nyuma huzunguka 44 ÷ 16, yaani mara 2.75.
- Cheni nzima humaliza safari yake baada ya 110 ÷ 44, yaani mizunguko 2.5 ya pedeli.

Sasa kila kifaa kina mdundo wake. Kelele ikisikika mara moja kwa kila mzunguko wa pedeli, kagua pedeli zenyewe, mikono yake, beringi za katikati, au spoketi ya mbele iliyopinda. Ikija karibu mara tatu kwa mzunguko mmoja, mtafute mhusika kwenye gurudumu la nyuma au friwili. Ikija kila baada ya mizunguko miwili na nusu, kuna pingili moja ngumu kwenye cheni, na mara nyingi ni ile ambayo fundi aliunganishia, kwa sababu pini yake imebana kupita kiasi. Izungushe pedeli kinyumenyume polepole, utaiona inapita gia huku imejikunja. Ilegeze kwa kuikunja kidogo kulia na kushoto.

Kelele isiyo na mdundo, inayokwaruza muda wote, mara nyingi ni cheni kavu au yenye mchanga, au waya wa gia haujakazwa sawasawa na cheni inagusa gia ya jirani. Na ile "tiktiktik" unayoisikia ukiacha kukanyaga ni friwili ikifanya kazi yake. Hiyo iache.

Viwandani wanatumia wazo hilohilo: hupima mashine inatikisika mara ngapi kwa sekunde, halafu wanajua ni beringi ipi au gia ipi imeanza kuharibika kabla hawajafungua hata nati moja.

Kelele yangu haikuwa na mdundo

Yangu ilitokea pale tu nilipokanyaga kwa nguvu, na kwenye zile gia ndogo mbili tu. Kwenye gia kubwa, kimya. Cheni ingekuwa mbovu, ingesumbua kwenye gia zote. Hapo nilipaswa kujua, ila hasira haina hesabu.

Fundi hakubishana. Alienda ukutani, akaichukua cheni yangu ya zamani kwenye msumari, akaniambia, "Hesabu pingili, dogo." Nikahesabu: 110, sawa na mpya. Kisha akaining'iniza kando ya cheni mpya ya aina ileile, aliyoipunguza ikabaki na pingili 110. Ya zamani ilizidi kwa chini kwa karibu sentimita moja na nusu.

Pingili zilezile, urefu tofauti. Watu husema cheni "imevutika", lakini chuma hakijavutika kama mpira. Kilichotokea ni kwamba pini za kila kiungo zimesagika pamoja na matundu yake, kwa vumbi na kukosa oili. Cheni mpya ina milimita 12.7, yaani nusu inchi, kutoka pini hadi pini. Kila kiungo kikilika milimita 0.127 tu, ambayo ni asilimia 1, kwenye pingili 110 unapata ongezeko la milimita 14.

Meno nayo hayakubaki vilevile. Kadiri hatua za cheni zinavyorefuka, ndivyo meno ya gia yanavyochongeka kuzifuata, mpaka yanaelekea kuwa kama ndoana. Cheni kuukuu na gia kuukuu huelewana, ndiyo maana hazipigi kelele. Ukileta cheni mpya yenye hatua za milimita 12.7, haikai vizuri kwenye mabonde ya meno yale. Ukikanyaga taratibu inavumilia. Ukikanyaga kwa nguvu inapanda juu ya jino na kuruka.

Gia ndogo za nyuma huumia kwanza, na hesabu yetu inaonyesha sababu. Kila jino la mbele likikutana na cheni mara moja, jino la gia yangu ndogo limekutana nayo mara 2.75. Tena gia ndogo ina meno machache ya kugawana mzigo. Ndiyo maana spoketi yangu ya mbele ilikuwa bado nzima.

Pima kabla ya kutoa hela

Chukua futi kamba yenye inchi. Kaza cheni, anzia katikati ya pini moja, hesabu pingili 24. Cheni mpya itasoma inchi 12 kamili.

- Ikizidi chini ya 1/16 ya inchi, endelea kuitumia.
- Ikifika 1/16, badilisha cheni. Friwili kwa kawaida itapona.
- Ikifika 1/8, tegemea kubadilisha cheni na friwili pamoja.

Yangu ya zamani ilipita 1/8. Ningeipima mapema, ningebadilisha cheni peke yake na friwili ingeendelea kuishi.

Na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Jumamosi ile fundi aliniambia, "Friwili nayo imekwisha." Bei yake ilikuwa mara mbili ya cheni, nikaona anatafuta hela yangu, nikakataa. Aliyesoma mekanika ni mimi, aliyeiona fizikia ni yeye.

Tulifunga friwili mpya siku hiyohiyo. Kabla ya kuondoka nilimwomba radhi, nikatoa na ile shikamoo niliyoiruka asubuhi. Akaitikia, "Marahaba," akanipa kitambaa nifute mikono. Sasa futi kamba inakaa kwenye begi langu, na kila mwisho wa mwezi napima pingili 24.