RDC: Kompyuta ya nyumbani inaweza kurudisha utamu wa rumba, lakini kila kitu kinaanzia kwenye faili

Katika mitaa mingi ya Goma, Bukavu, Uvira na Bunia, muziki unanunuliwa kwa flashi. Mteja anafika kwenye kibanda, anatoa flashi au karti memori, analipa franka chache na kurudi nyumbani na nyimbo mia mbili au mia tatu. Jioni umeme ukirudi, kompyuta inaunganishwa na ampli, bafle zinawekwa sebuleni na jirani wote wanajua kuna wimbo.

Lakini mara nyingi raha hiyo ina kasoro. Wimbo ukifika kwenye sebene, magitaa yanachanganyikana, matoazi yanasikika kama mvua juu ya mabati, sauti za waimbaji zinakwaruza. Mwenye nyumba anasema bafle zimechoka. Anaweka akiba na kununua nyingine kubwa zaidi. Kasoro inabaki ileile, ila sasa inasikika kwa nguvu zaidi.

Mara nyingi bafle hazina kosa. Kosa limo ndani ya faili.

Kilichotupwa hakirudi

Sidii, ambayo makampuni ya Philips na Sony yaliitoa sokoni mwaka wa 1982, inapima sauti mara 44.100 kila sekunde, kwa upande wa kushoto na wa kulia. Kipimo hicho kinabeba sauti zote ambazo sikio la mtu linaweza kusikia. Ila kinakula nafasi: wimbo wa dakika 10 unachukua karibu mega 106.

MP3, iliyotengenezwa hasa na watafiti wa Ujerumani, ilikuja kupunguza mzigo huo. Inatupa sehemu za sauti ambazo inakadiria kwamba sikio halitazitambua. Kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, wimbo uleule unabaki na mega zisizofika 10. Katika miaka ambayo intaneti ilikuwa ya polepole na karti memori ilikuwa ndogo, huo ulikuwa msaada mkubwa.

MP3 yenyewe si adui. Ile ya kilobiti 320, iliyotengenezwa vizuri kutoka sidii, watu wengi hawawezi kuitofautisha na sidii yenyewe. Taabu ni faili zinazozunguka vibandani: zimepunguzwa mara ya kwanza, zikapunguzwa tena kwenye video ya intaneti, kisha zikageuzwa MP3 kwa mara ya tatu. Kila mara kitu kinatupwa. Na kuigeuza faili ya namna hiyo iwe ya hali ya juu ni sawa na kutaka kurudisha maji katika muwa uliokwisha kutafunwa.

Mtu anayetaka sauti kamili anatafuta faili za FLAC. Hizo zinakunja muziki bila kutupa chochote. Zikifunguliwa, kila namba iliyokuwa kwenye sidii inarudi mahali pake. Wimbo wa dakika 10 mara nyingi unachukua kati ya mega 55 na 70. Diski ya giga 500 inaweza basi kubeba nyimbo zaidi ya 7.000 za urefu huo.

Faili hizo zinaweza kutengenezwa nyumbani. Mwenye sidii za asili anahitaji tu kompyuta yenye mahali pa kuingiza sidii, na programu ya bure kama Exact Audio Copy, inayosoma sidii mara kadhaa pale inapokuwa na mikwaruzo. Kwa nyimbo mpya, kununua faili kwa msanii mwenyewe au katika duka la intaneti linalouza FLAC kunampa pia mtungaji haki yake, jambo ambalo flashi ya kibandani haifanyi.

Tena, faili ikishakaa nyumbani haidai mega kila mara inaposikilizwa. Kwa familia inayohesabu bei ya intaneti, hilo si jambo dogo.

Njia ya kutokea

Baada ya faili, kinachofuata ni njia ambayo sauti inatokea. Ndani ya kila kompyuta kuna sehemu ndogo inayogeuza namba kuwa sauti. Ikiwa karibu na vyombo vingine vya mashine, inaweza kuokota kelele. Ndiyo maana wengine wananunua kigeuzi cha nje kinachochomekwa kwenye USB, kinachoitwa DAC. Hata kidogo cha bei nafuu kinaweza kutosha.

Lakini kabla ya kutoa pesa, kuna jaribio lisilogharimu kitu. Kama bafle zinanguruma hata wimbo ukisimama, chaja ya kompyuta itolewe na mashine iendeshwe kwa betri. Ngurumo ikipotea, basi inatoka kwenye umeme wa nyumba au kwenye chaja, na kubadilisha bafle hakutasaidia.

Jambo la pili ni mipangilio. Sauti ya kompyuta iwekwe juu kabisa, kisha nguvu ipunguzwe kwenye ampli. Vitu vinavyodai kupendezesha sauti ndani ya kompyuta vizimwe. Programu ya bure kama foobar2000 inaweza kushika njia ya sauti peke yake, ili wimbo usichanganywe na milio mingine ya mashine.

Urithi unaokaa ndani ya makasha

Tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Congo katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville. Sehemu ya urithi huo haikai katika majumba ya makumbusho. Iko chini ya vitanda na juu ya makabati, katika santuri na kaseti za wazee, na kila msimu wa mvua unyevu unazila.

Kompyuta hiyohiyo inaweza kuziokoa. Redio ya kaseti au mashine ya santuri inaunganishwa na kompyuta kupitia karti ya sauti ya USB yenye mlango wa kuingizia, na programu ya bure ya Audacity inarekodi. Santuri isafishwe kwanza, na kichwa cha mashine ya kaseti kipanguswe kwa alkoli. Sauti ya santuri ni dhaifu, kwa hiyo ipite kwanza kwenye ampli yenye mlango wa santuri. Nguvu ya kurekodi isifike mwisho wa kipimo, maana sauti iliyopasuka haitengenezeki. Kisha faili ihifadhiwe kwa FLAC, katika diski mbili tofauti, na moja isikae nyumba moja na nyingine.

Mfano wa thamani ya kazi hiyo ni Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Kwa kuwa rekodi hizo zilitunzwa, vidole vyake bado vinasikika leo, kamba kwa kamba. Wengine wengi walipiga gitaa katika miji ya mashariki bila bahati hiyo, na kaseti iliyo ndani ya kasha inaweza kuwa nakala ya mwisho. Kuirekodi kunaomba jioni moja yenye umeme. Ukungu nao hausubiri.