Kununua Televisheni Bapa kwa Fedha Kidogo

(Somo la redio kwa wanafunzi watu wazima. Soma pole pole, kisha jibu maswali yaliyo mwishoni.)

Natumaini kila mmoja amekwisha kaa, na daftari na kalamu viko mbele yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: LCD, LED, QLED, OLED. Haya, wanafunzi, someni kwa sauti, herufi moja moja.

Vema. Mmesoma. Sasa nauliza: maneno hayo maana yake nini? Nadhani darasa limenyamaza. Msione haya. Watu wengi waliosoma miaka mingi hawajui, na mara nyingi hata mwenye duka hajui. Lakini herufi hizo zimeandikwa kwa wino mkubwa juu ya boksi la televisheni, na kwa ajili yake watu hutoa fedha nyingi. Kusoma si kutamka herufi tu. Kusoma ni kujua herufi zinakuambia nini, na zinakuficha nini. Hilo ndilo somo letu la leo.

Tuchukue mfano. Tuseme wewe, mama, una mgahawa mdogo wa chai na maandazi Dar es Salaam. Kila siku umetia shilingi 1,000 katika kibubu. Mwaka umekwisha, umevunja kibubu, umehesabu shilingi 365,000. Fedha hizo zingeweza kununua mabati, au sare na madaftari ya watoto. Lakini umefikiri hivi: wateja wanataka kutazama mpira, na mteja anayetazama mpira hunywa vikombe viwili badala ya kimoja. Basi unakwenda Kariakoo. Ukikosea huko, hutapata fedha nyingine mpaka mwaka mwingine upite. Kwa hiyo yafaa ujue unachokwenda kununua kabla hujapanda basi.

1. MWANGA UNATOKA WAPI?

Kioo cha televisheni bapa kimejaa nukta ndogo sana, nyekundu, kijani na buluu. Macho yetu huzichanganya nukta hizo, tukaona uso wa mtu au uwanja wa mpira. Swali la maana ni moja: mwanga wa nukta hizo unatoka wapi? Kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni LCD. Fikiri juu ya taa inayowaka daima nyuma ya ukuta wenye madirisha mengi madogo. Kila dirisha lina pazia lake. Ukitaka weupe, unafungua pazia. Ukitaka weusi, unalifunga. Mapazia hayo ni majimaji yaitwayo fuwele za majimaji, ambayo hubadili mkao wake yakipata umeme. Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria, aliona tabia ya ajabu ya majimaji ya namna hii mwaka 1888, alipokuwa akichunguza kitu kilichotolewa katika karoti.

Lakini hakuna pazia linalofunga kabisa. Mwanga kidogo hupenya. Ndiyo sababu, katika chumba chenye giza, weusi wa LCD huonekana kama rangi ya majivu.

Njia ya pili ni OLED. Hapa hakuna taa ya nyuma wala pazia. Kila nukta ni koroboi ndogo inayowaka yenyewe. Ukitaka weusi, koroboi inazimwa, na weusi unakuwa weusi wa kweli, kama usiku usio na mwezi. Ching Tang na Steven Van Slyke walieleza kifaa cha namna hii mwaka 1987, na televisheni kubwa za OLED zilianza kuuzwa mwaka 2013.

Picha ya OLED ni nzuri mno. Lakini bei yake ni kubwa, na kwa kawaida huuzwa kwa ukubwa wa inchi 42 na zaidi. Tena ina ila moja. Koroboi zinazowaka sana mahali pamoja huchoka kabla ya nyingine. Ukiwasha stesheni moja toka asubuhi hata usiku, siku nenda siku rudi, ile alama ya stesheni iliyo pembeni yaweza kubaki kiooni kama kovu. Basi, mama, hata kama ungepewa OLED kwa fedha za kibubu chako, si chombo cha mgahawa wako.

2. HERUFI ZA BOKSI

Sasa turudi ubaoni. Neno LED ni jina la ile taa ya nyuma. Zamani taa ya nyuma ilikuwa mirija myembamba ya mwanga. Baadaye viwanda vikatia taa ndogo za LED, ambazo hula umeme kidogo. Kwa hiyo televisheni iliyoandikwa LED ni LCD ile ile, yenye taa mpya nyuma yake. Mtu akikuambia, “Hii si LCD, hii ni LED,” umsikilize kwa adabu, lakini usimwongezee shilingi.

Neno QLED je? Tazama vizuri herufi ya kwanza. Q na O zimeachana kwa mkia mdogo tu, lakini vitu vyenyewe vimeachana sana. QLED nayo ni LCD yenye taa ya nyuma. Imeongezwa utando wa chembe ndogo mno zinazofanya rangi ziwe safi zaidi. Ni kitu kizuri, lakini si OLED. Mwenye duka akisema, “Mama, QLED na OLED ni ndugu mmoja,” kumbuka ule mkia.

Katika maduka ya vitu vilivyotumika huenda ukakuta neno plasma. Hiyo ni aina nyingine, ambayo kila nukta yake ina gesi inayotoa mwanga. Picha yake ilisifiwa sana, lakini viwanda vikubwa viliacha kuitengeneza miaka ya 2013 na 2014. Ni nzito, hula umeme mwingi, na vipuri vyake ni shida. Bei yake ndogo isikudanganye.

Utaona pia HD, Full HD na 4K. Hizo ni hesabu za nukta. HD ya televisheni ndogo mara nyingi ni nukta 1,366 kwa upana na 768 kwa urefu. Zidisha katika daftari lako: utapata 1,049,088. Full HD ni 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. 4K ni 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400. Je, ulipie nukta nyingi? Kioo cha inchi 32, ukikitazama toka mita 3, jicho la kawaida haliwezi kuzitenga nukta hata za ile HD. Nukta nyingi hufaa kioo kikubwa, au mtu anayekaa karibu. Vinginevyo unanunua kitu usichoweza kukiona.

3. MACHO YAKO

Basi kwa mwenye fedha kidogo, shauri limekwisha: utanunua LCD yenye taa za LED. Lakini ngoja. LCD zenyewe zina namna mbili za mapazia, na jambo hili kwa kawaida halionekani katika maandishi ya boksi.

Namna ya kwanza huitwa IPS. Mtu aliyekaa upande huona rangi karibu sawasawa na mtu aliyekaa mbele. Ila yake ni kwamba mapazia yake hupitisha mwanga zaidi, hivyo weusi wake ni hafifu.

Namna ya pili huitwa VA. Mapazia yake hufunga vizuri zaidi, hivyo weusi wake ni mzito, na picha za usiku hupendeza. Lakini mtu aliyekaa upande huona rangi zimefifia.

Ipi ni bora? Hilo ni swali la nyumba yako, si la duka. Mgahawa wako, mama, una meza huku na huku, na mlango uko wazi mchana kutwa. Hakuna giza la kukuonyesha weusi hafifu, lakini kuna wateja wengi pembeni. Kwako inafaa IPS, yenye mwanga wa kutosha kushindana na jua la mlangoni. Bwana mmoja mwenye chumba kimoja, anayetazama na mkewe usiku taa imezimwa, wamekaa mbele ya kioo, kwake inafaa VA.

Ukimwuliza mwenye duka kama hii ni IPS au VA, huenda asijue. Tena televisheni mbili za jina moja zaweza kutiwa vioo tofauti kiwandani. Kwa hiyo jaribu mwenyewe. Omba iwashwe. Simama mbele, utazame uso wa mtu. Kisha tembea taratibu mpaka ubavuni, macho yako yasitoke kiooni. Rangi zikibaki, ni nzuri kwa watu wengi. Zikififia, ni ya watu wa mbele. Halafu omba picha nyeupe tupu, utafute madoa na nukta zilizokufa. Mwisho omba picha ya usiku, utazame pembe za kioo kama zinavuja mwanga. Jaribio lote halichukui hata dakika tano, nawe umelinda akiba ya mwaka mzima.

4. UMEME

Geuza televisheni, utafute kibandiko cha nyuma. Humo kuna namba na herufi W, yaani wati. LCD ya inchi 32 yenye taa za LED mara nyingi haifiki wati 60. Tuseme yako ni wati 50, nawe unaiwasha saa 5 kwa siku. Zidisha 50 kwa 5, utapata 250. Yuniti moja ya umeme ni 1,000. Kwa hiyo siku 4 zitakula yuniti moja.

Sasa chukua plasma ya inchi 42 yenye wati 200. Zidisha 200 kwa 5, utapata 1,000. Hiyo ni yuniti moja kila siku! Kwa siku 30, ya kwanza imekula yuniti 7 na nusu, ya pili imekula 30. Aliyeuziwa plasma kwa bei rahisi ataendelea kuilipia kila anaponunua umeme wa Luku.

5. KABLA YA KUTOA FEDHA

Kioo kikipasuka, mara nyingi bei ya kioo kingine hukaribia bei ya televisheni mpya. Kwa hiyo hakikisha boksi linafunguliwa mbele yako, na kioo kinawashwa kabla hujalipa. Dai risiti na karatasi ya dhamana, uisome mwenyewe: ni ya miezi mingapi, na haihusu nini? Bakiza fedha za kifaa cha kulinda umeme, maana umeme unaopanda na kushuka huua televisheni nyingi. Nyumbani, punguza mwanga wa taa ya nyuma kadiri chumba kinavyoruhusu. Taa zisizowaka kwa nguvu zake zote hudumu zaidi.

Tena shika hili. Siku moja huenda ukasikia sauti, lakini kioo ni cheusi. Usikubali upesi kuambiwa, “Kioo kimekufa, tupa.” Chukua tochi, umulike kioo kwa karibu chumba kikiwa na giza. Ukiona kivuli cha picha kinachezacheza, kioo kizima. Taa za nyuma ndizo zimezimika, na fundi hodari aweza kuzibadilisha. Usiifungue wewe mwenyewe, maana ndani mna umeme wa hatari.

Sasa, mama, nenda Kariakoo na fedha zako. Soma boksi, maana sasa wajua kusoma. Lakini usinunue boksi. Simama pale ambapo mteja wako atakaa, kisha tazama.

MASWALI

1. Televisheni iliyoandikwa LED ina tofauti gani na LCD ya zamani?
2. Kwa nini OLED haifai mahali panapoonyesha stesheni moja mchana kutwa?
3. Chora chumba chenu, uonyeshe watu hukaa wapi. Je, mnahitaji IPS au VA? Eleza sababu.
4. Televisheni ina wati 40, nayo huwashwa saa 5 kila siku. Yuniti moja itatosha siku ngapi?

Jibu la swali la nne ni siku 5. Kama umepata namba nyingine, rudia hesabu pole pole. Nawe uliyepata, msaidie jirani yako. Kwaherini.