Zawadi ya Mpiga Picha wa Kisaki

Mwaka juzi nilimpelekea mpwa wangu wa Kisaki lenzi ya kamera. Niliinunua Dar es Salaam, ndefu, nzito, imo kwenye boksi lake, na muuzaji akaniapia kwamba inaingia kwenye kamera yoyote. Kijana aliipokea kwa mikono miwili. "Ahsante sana, mjomba." Kisha akaigeuza, akaitazama ile pete ya chuma inayoshikana na kamera, akanyamaza. Kamera yake ni Canon. Lenzi ilikuwa ya Nikon. Pete hizo hazioani, na ukilazimisha utaharibu vyote viwili.

Hakulalamika. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana uzito wake. Zawadi yake hairudishwi. Lakini uso wa kijana niliuona, na tangu siku hiyo sinunui kitu cha picha kabla ya kuuliza.

Nayaandika haya kwa sababu kila mwisho wa mwaka nasikia watu wakiulizana: kijana wetu anapenda kupiga picha, tumpe nini? Wengi wanakimbilia kamera. Kumbe mara nyingi kamera anayo, hata kama ni ya kwenye simu. Anachokosa ni vitu vinavyoiwezesha kamera hiyo kufanya kazi pale anapoishi.

Na Kisaki ni mahali pagumu kwa kamera. Iko kusini mwa Milima ya Uluguru, mbele ya Matombo, Mvuha na Duthumi kwa anayetoka Morogoro mjini. Treni ya TAZARA inayotoka Dar es Salaam hufika hapo baada ya kukatiza eneo la wanyama, abiria wakiwaona twiga na tembo madirishani. Lango la Matambwe la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere liko jirani. Hifadhi hiyo ilimegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, na ukubwa wake unapita kilomita za mraba 30,000. Kwa mpenda picha ni neema: mashamba ya mpunga na ufuta, wanyama, na upande wa kaskazini milima iliyojifunika mawingu. Ila kiangazi vumbi linaingia mpaka kwenye vitufe vya kamera, na masika unyevu unaotesha ukungu ndani ya lenzi, nyuzinyuzi nyeupe mfano wa utando wa buibui. Zikishaota, kuzitoa ni kazi ya fundi, na fundi huyo hayuko Kisaki.

Kwa hiyo anza na kinga. Tafuta dishi la plastiki lenye mfuniko unaobana sawasawa, ukusanye na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mikoba. Wengi huvitupa, kumbe kazi yake ni kufyonza unyevu. Kamera ikilala humo usiku kucha wakati wa masika, ukungu haupati nafasi. Ongeza kitambaa laini cha kufutia kioo na kipuliza vumbi cha mpira. Ukitaka kuongeza kioo cha kukinga lenzi, tazama uso wa mbele wa lenzi yake: kuna alama ya duara lililokatwa mstari, ikifuatiwa na namba, tuseme 58. Hicho ndicho kipimo cha kioo, kwa milimita. Ukikosea namba hiyo, umerudia kosa langu.

Betri nayo ina jina lake. Canon ndogo zinazopatikana sana kwetu, kama 2000D na 4000D, hutumia betri iitwayo LP-E10, na jina hilo limeandikwa kwenye betri yenyewe. Mwambie akutumie picha ya betri yake kwa simu, uende nayo dukani. Betri ya akiba ni zawadi kubwa kwa mtu anayeondoka alfajiri kwenda porini, ambako hakuna pa kuchajia. Kwa memori kadi, ni heri mbili za wastani kuliko moja kubwa, maana moja ikiharibika nyingine inabaki na picha. Jihadhari na feki, zinazoandikwa ukubwa zisiokuwa nao. Ijaze kadi yote kwanza, uone kama picha zote zinafunguka, ndipo uifunge kwenye karatasi ya zawadi.

Na gharama hizi ndogondogo hazikuanza leo. Mohamed Amin, mpiga picha wa Afrika Mashariki ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ziliishtua dunia mwaka 1984, alizaliwa Nairobi mwaka 1943 akakulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanza kupiga picha, na kamera ya Box Brownie. Kodak walipoitoa Brownie ya kwanza mwaka 1900 waliiuza kwa dola 1 tu ya Marekani, kwa kuwa walijua fedha iko kwenye filamu: anayependa picha atarudi kununua filamu maisha yake yote. Filamu zimeondoka, lakini gharama za kila siku hazijaondoka, na hizo ndizo zinazowakatisha tamaa vijana wengi.

Zawadi iliyomfurahisha mpwa wangu kuliko zote haikutoka duka la kamera. Nilimpelekea fundi cherehani turubai gumu, akanishonea mifuko miwili midogo iliyoungana katikati kama soji ya punda, kila mmoja na zipu yake. Niliituma ikiwa mitupu, nyepesi, imekunjwa kwenye bahasha. Kijana akaijaza mpunga nyumbani. Ndani ya hifadhi hushuki garini ovyo, na kusimamisha stendi ya miguu mitatu kati ya viti ni taabu. Basi unashusha kioo, unautundika mfuko kwenye mlango, upande mmoja nje na mwingine ndani, unailaza lenzi juu yake kama kichwa kwenye mto. Dereva akizima injini, mkono hautikisiki tena. Picha yake ya kwanza aliyonitumia ilikuwa ya pundamilia, na kope za jicho zinahesabika. Safari ikiisha, mpunga unarudi jikoni.

Droni usimnunulie mtu kwa kumshtukiza. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya hifadhi hairuhusiwi kurushwa bila idhini.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolijali zaidi, nalo ni kusafisha picha. Mpenda picha wa siku hizi ana maelfu ya picha kwenye simu na kompyuta, na pengine hana hata moja ya kushika mkononi. Lipia studio ya Morogoro imsafishie picha 20 za saizi ya postikadi, azichague mwenyewe. Atakaa siku nzima akizipitia, hii iende, ile ibaki, na kazi hiyo ya kuchagua itamfundisha mengi. Mpwa wangu alipolipiwa picha hizo, 12 kati ya hizo hakubaki nazo. Zilikuwa za watu aliowapiga picha: mama anayepeta ufuta, vijana wa bodaboda, mzee mmoja aliyevaa kanzu mlangoni kwake. Alizunguka nazo nyumba kwa nyumba. Yule mzee aliishika picha yake kwa ncha za vidole, akaiinua kwenye mwanga, akasema, "Wengi wamenipiga, mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza kurudi."

Kisaki wanapita wageni wengi wenye kamera, wanaokwenda na wanaotoka hifadhini. Wengi wao hupiga picha za watu barabarani na kuondoka nazo. Kama wewe ni mmoja wao, au unamfahamu mmoja, kasafishe picha hizo, andika nyuma ya kila moja jina la kitongoji ulipoipigia, uzipeleke Morogoro kwenye basi la Kisaki. Wenyewe watajulikana.